Sembène au Mambéty: uanze na nani ukijifunza kuandika na kuongoza filamu?

Mafunzo ya kuandika skripti na kuongoza filamu yamejaa mtandaoni, na mengi yanachambua filamu za Marekani zilizotengenezwa kwa fedha ambazo sisi hatutazishika. Kijana wa Mwanza au Mombasa mwenye kamera moja, maikrofoni ya kuazima na marafiki wanane anatazama, anafurahi, kisha anarudi kwenye hadithi yake bila kujua aanzie wapi. Kijana wa namna hiyo mimi humwelekeza Dakar, kwa walimu wawili: Ousmane Sembène na Djibril Diop Mambéty.

Wote wawili walikuwa waongozaji wa filamu wa Senegal. Wote waliupiga picha mji uleule, fedha zikiwa za kuunga-unga, na wengi wa waliosimama mbele ya kamera zao hawakuwa waigizaji wa kazi. Lakini ukiziweka filamu zao sambamba, utadhani kila mmoja aliishi Dakar yake. Sembène anakushika mkono na kukupitisha mtaani nyumba kwa nyumba. Mambéty anakupakia kwenye pikipiki na kuondoka kabla hujashika vizuri.

Jibu langu nalitoa mapema. Kama hujawahi kumaliza skripti ambayo mtu mwingine ameisoma akaielewa, anza na Sembène. Kama skripti zako zinaeleweka lakini filamu zako mtu anaweza kuzifuata akiwa amefumba macho, kama mchezo wa redio, basi anayekufaa ni Mambéty. Sababu zangu ni hizi.

Walikotoka

Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923. Alipigana Vita Kuu ya Pili katika jeshi la Ufaransa, kisha akawa kuli katika bandari ya Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Huko ndiko alikoanza kuandika riwaya. Riwaya zilimpa jina, ila aliona jambo moja waziwazi: makuli, wachuuzi na akina mama aliowaandika hawakuwa wakisoma Kifaransa. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaenda Moscow kujifunza filamu, akiwa mtu mzima anayekaribia miaka 40. Filamu aliiita shule ya usiku, na ukimtazama unaona kwamba alimaanisha. Kila sini, yaani kila onyesho la filamu, ina somo, na anataka mtu wa nyuma kabisa ukumbini alielewe.

Mambéty alizaliwa 1945 huko Colobane, pembeni mwa Dakar. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani katika ukumbi wa Daniel Sorano, akaachishwa, na chuo cha filamu hakukanyaga. Alipotoa filamu ya Touki Bouki mwaka 1973 alikuwa na miaka 28. Kwake filamu ilikuwa ndoto kwanza, maelezo baadaye, na sehemu nyingine maelezo hayaji kabisa.

Mandabi: hadithi nzima juu ya karatasi moja

Kwa mwandishi, darasa kubwa la Sembène ni Mandabi ya mwaka 1968, aliyoitoa katika hadithi yake mwenyewe iliyochapishwa awali. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili, analetewa hawala ya posta kutoka Paris. Mpwa wake Abdou, anayefagia barabara huko, ametuma faranga 25,000: 20,000 awekewe akiba, 3,000 apewe mama yake, na 2,000 ziwe za Dieng. Kilichobaki ni kwenda posta kuichukua. Filamu nzima ni hiyo.

Tazama anavyokaza. Posta wanataka kitambulisho. Ili kupata kitambulisho, polisi wanataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Manispaa wanamuuliza tarehe ya kuzaliwa, naye anajua tu kwamba ni kama mwaka 1900. Mpiga picha anachukua fedha na picha haitoki. Kila hatua inagharimu, na fedha ya kulipia kila hatua Dieng anaikopa kwa kutegemea hawala ambayo bado haijalipwa. Huku nyumbani wake zake wamekwisha kukopa mchele dukani, na majirani wamekwisha kusikia kwamba mzee ana fedha. Kwa hiyo deni linapanda huku hawala ikiwa palepale. Hicho ndicho nataka mwandishi achukue: kikwazo hakiongezwi kutoka nje, kikwazo cha pili kinazaliwa na suluhisho la kikwazo cha kwanza. Wanaoandika skripti zetu mara nyingi wakiona hadithi imelegea huleta ajali ya gari au mgonjwa wa ghafla. Sembène haleti chochote kipya. Anaikaza kamba aliyoifunga dakika za mwanzo.

Sini ya kwanza kabisa ni ya kinyozi wa mtaani. Dieng ameketi nje ananyolewa kichwa, kisha kinyozi anamsafisha hadi ndani ya pua, polepole, kamera ikiwa karibu mno. Hakuna neno la maana linalosemwa. Lakini umekwisha kumjua: mtu anayejipenda, anayependa kuonekana, aliyetulia katika mwili wake kana kwamba hakuna kinachomsumbua. Baadaye anapopigwa kwa mpiga picha na kutokwa damu puani, tunaiona pua ileile. Sembène hakutuambia tuikumbuke. Alitupa muda wa kuitazama, basi.

Na barua. Dieng hajui kusoma, anasomewa na mtu. Wakati barua inasomwa tunamwona Abdou huko Paris na ufagio wake barabarani. Kwa mara hiyo moja hadithi inatoka Dakar, nasi tunajua kila faranga ya hawala ile imetoka katika mgongo wa nani. Kuanzia hapo, kila mtu anayemega fedha hiyo anamega jasho tulilolishuhudia.

Touki Bouki: mkato mmoja unaofanya kazi ya kurasa tano

Touki Bouki, yaani safari ya fisi, inaanza na mtoto aliyepanda ng'ombe akiongoza kundi, filimbi ikisikika. Kundi linafika machinjioni, na Mambéty anatuonyesha kuchinja kwenyewe, damu sakafuni, bila kutuhurumia. Halafu tunamrudia mtoto juu ya ng'ombe wake, na mlio wa injini unaanza kuingia juu ya picha. Ghafla tuko nyuma ya pembe: fuvu la ng'ombe lililofungwa kwenye usukani wa pikipiki ya Mory, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, watoto wa mtaa wakikimbia pembeni.

Jiulize ungeliandikaje jambo hilo kwa maneno. Kijana ametoka ufugaji akaingia mjini, mji unaweza kumchinja, naye bado amebeba alama ya alikotoka. Mwandishi wa kawaida angempa Mory rafiki wa kumweleza yote hayo kibarazani. Mambéty ametumia ng'ombe, sauti na mkato, yaani kuruka kutoka picha moja hadi nyingine. Na sauti imetangulia picha, hiyo ndiyo siri yenyewe: sikio limekwisha kufika mjini wakati jicho bado liko malishoni. Zoezi hili halihitaji fedha. Ukiwa na programu ya kuhariri kwenye simu unaweza kulijaribu leo.

Mfano mwingine ni sini ya mapenzi kule kwenye majabali ya bahari. Mory na mpenzi wake Anta hatuwaoni. Tunaona mkono wa Anta ukilishika pambo la chuma lililoko nyuma ya pikipiki, na povu la mawimbi. Kwa waongozaji wa kwetu, wanaotengeneza filamu zitakazotazamwa sebuleni na babu, mkwe na watoto kwa pamoja, sini hiyo ni msaada mkubwa. Haikwepi jambo wala haimvunjii mtu heshima, na ina joto kuliko ambavyo ingekuwa kama wangeonyeshwa.

Kisha ule wimbo wa Josephine Baker unaoitaja Paris, Paris, Paris. Mara ya kwanza unavutia. Unaporudi tena na tena vijana wakiwa kwenye pikipiki, unaanza kusikika kama kitu kilichokwama kichwani mwa mtu. Maneno hayajabadilika ila maana imebadilika. Nasisitiza sauti kwa sababu filamu zetu nyingi huweka muziki wa huzuni kwenye sini ya huzuni na wa furaha kwenye ya furaha, na hapo muziki unakuwa umerudia tu kile ambacho uso wa mwigizaji umekwisha kusema.

Mifupa ni ileile

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaipenda Touki Bouki kwa uhuru wake, wanaamini haina hadithi, kisha wanatengeneza dakika 20 za watu wanaotembea ufukweni wakiwaza. Ichunguze. Mory na Anta wanataka nauli ya meli kwenda Ufaransa. Jaribio la kwanza: wanaiba sanduku kwenye uwanja wa mieleka wakidhani lina fedha za viingilio, wakalifungua wakakuta fuvu na hirizi. Baadaye wanakwenda nyumbani kwa tajiri mmoja, Mory anaondoka na nguo zake na gari lake. Wanapata tiketi, wanafika bandarini, Anta anapanda, na Mory akiwa karibu kupanda anageuka na kukimbia kurudi mjini.

Hiyo ni skripti iliyonyooka. Kuna haja, kuna majaribio, kuna kupata, kuna uamuzi wa mwisho unaotoka ndani ya mhusika. Mandabi ina mzee anayeihangaikia hawala, Touki Bouki ina vijana wanaohangaikia tiketi. Mambéty alijua njia ilivyonyooka kabla ya kuipinda, na kwa hiyo hata sini zake za ndotoni hazikupotezi: unajua daima watu hawa wanakwenda wapi.

Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kumtanguliza Sembène. Mifupa yake iko nje, unaihesabu kwa kidole. Ya Mambéty imefunikwa nyama, na asiyeijua haioni.

Mkono wa mwongozaji

Kwa Sembène, kitu hupita mikononi mwa watu na kila mkono unakipa maana nyingine. La Noire de… ya mwaka 1966 inamhusu Diouana, msichana wa kazi anayechukuliwa kutoka Dakar hadi Antibes, Ufaransa. Alipoajiriwa aliwapa matajiri wake kinyago kama zawadi. Dakar kinyago kile kilikaa pamoja na vingine. Huko Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe mtupu, na bila neno tunamwona Diouana mwenyewe. Uhusiano ukiharibika, anakitaka kinyago chake, mama mwenye nyumba anakivuta na yeye anakivuta. Diouana anajiua. Bwana mwenye nyumba anakirudisha kinyago Dakar, na mtoto anakivaa usoni na kumfuata nyuma, hatua kwa hatua, hadi yule bwana anakaza mwendo kama anayekimbizwa. Uandishi na uongozaji hapo havitenganishiki. Ukiwa na skripti mkononi, jaribu kukitafuta kinyago chako: ni kitu gani kinashikwa na wahusika watatu tofauti? Kama hakuna, huenda wahusika wako wanaongea tu.

Mambéty naye ana somo ambalo Sembène hana, nalo ni kujua cha kuficha. Katika Hyènes ya 1992, aliyoitoa katika tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt, bibi tajiri Linguère Ramatou anarudi Colobane na kuahidi mji utajiri wakimuua Draman, mwanamume aliyempa mimba ujanani akamkana kwa mashahidi wa kununua. Watu wanakataa kwa hasira. Halafu wanaanza kununua vitu kwa mkopo. Mwishoni wanaume wanamzunguka Draman, duara linabana, na wanapoachana hapo katikati imebaki nguo tu. Hatukuona kisu wala damu. Mtu huyuhuyu aliyetuonyesha machinjio bila kupepesa mwaka 1973, hapa amefunika, kwa sababu hapa muuaji ni mji mzima, na picha ya mkono mmoja wenye kisu ingeusafisha mji.

Filamu hiyo ina uhusiano na huku kwetu pia. Mambéty alitaka iwe filamu ya bara zima, akasema mwenyewe kwamba tembo aliwaazima kwa Wamaasai wa Kenya, fisi Uganda, na watu Senegal. Wanyama hao hawafanyi chochote katika hadithi. Wanapita tu kati ya sini, nasi tunawaangalia watu wa Colobane kwa jicho jingine.

Lugha

Hapa sisi sote tuna deni kwa Sembène. Filamu zake za mwanzo wahusika walizungumza Kifaransa, hata Diouana, msichana ambaye mawazo yake ya ndani tunayasikia katika lugha ya waliomwajiri. Kwa Mandabi akahamia Kiwolofu, na kuanzia hapo akaendelea na lugha za watu aliokuwa akiwaonyesha. Sikiliza mabishano ya Mandabi hata kama huelewi neno: watu wanakatizana, wanasalimiana kwa kirefu kabla ya kuombana fedha, wanaapa. Salamu ndefu ni silaha, kwa sababu anayeomba anajua kwamba aliyesalimiwa vizuri hawezi kukataa kirahisi. Sisi wenye shikamoo na habari za watoto tunakijua kitu hicho, lakini katika skripti nyingi salamu hukatwa kwa kuonekana zinapoteza muda. Ziache pale ambapo mtu anataka kitu.

Hatari ya kila mmoja

Anayemwiga Sembène vibaya huishia kwenye mahubiri. Wahusika wanagawanyika wema na wabaya, na dakika za mwisho mzee anasimama kutoa nasaha. Sembène mwenyewe wakati mwingine alifika ukingoni mwa shimo hilo, lakini aliokolewa na kutowapenda kupita kiasi watu wake. Dieng ni mwathirika, na vilevile ni mume mwenye makuu asiyejua shida ya wake zake. Kama maskini wako hana kasoro, umeandika bango.

Anayemwiga Mambéty vibaya huficha udhaifu wa hadithi nyuma ya picha nzuri. Drone juu ya bahari, msichana wa vitenge, mchezaji wa ngoma, na hakuna anayetaka chochote. Tena njia ya Mambéty ina gharama ya maisha: kati ya filamu yake ndefu ya kwanza na ya pili ilipita miaka 19. Sembène alifanya kazi kwa mfululizo mrefu zaidi, na akiwa na umri wa miaka 81 bado alitoa Moolaadé, mwaka 2004. Unayetaka kuishi kwa kazi hii, lizingatie.

Ukishaamua

Kama unatohoa riwaya, Sembène ndiye wako. Alikuwa mwandishi wa vitabu kwanza, na alijua kuyatupa maneno mazuri aliyoyaandika mwenyewe pale picha ilipojitosheleza. Waliotazama Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, wanajua ni kiasi gani cha kitabu hulazimika kubaki kwenye kitabu. Kama unafanya kazi na mtoto au mtu asiyewahi kuigiza, nenda kwa Mambéty, hasa La Petite Vendeuse de Soleil, ya Sili, msichana mwenye magongo anayeuza magazeti. Mambéty alifariki 1998 na filamu ikatoka mwaka uliofuata. Hamwombi msichana yule aigize maumivu. Anamwacha atembee na kutufanya tuusikie mwendo wake.

Mwenye jioni moja tu aanze na Borom Sarret ya Sembène, ya mwaka 1963, dakika kama 20, ya mwendesha mkokoteni wa farasi anayekwenda kutafuta riziki akarudi bila mkokoteni. Inatosha kumfundisha mtu kuandika filamu fupi: siku moja, kazi moja, abiria wanaobadilika, na mkokoteni ambao mwishoni unachukuliwa.

Halafu Le Franc ya Mambéty, ya mwaka 1994, mwaka ambao faranga ya CFA ilipunguzwa thamani kwa nusu. Marigo, mwanamuziki anayedaiwa kodi, ananunua tiketi ya bahati nasibu na kuigandisha mlangoni isipotee. Inashinda. Haibanduki. Basi anaung'oa mlango wenyewe na kuubeba mgongoni, anapanda nao basi, anakatiza nao mji mzima. Hadithi ni ya karatasi kama Mandabi, imenyooka kuliko zote alizofanya, na picha ya mtu aliyebeba mlango katikati ya Dakar hakuna aliyeweza kuiwaza ila yeye. Itazame mara mbili: mara ya kwanza ukiandika kila hatua ya Marigo katika mstari mmoja, mara ya pili ukiwa umezima sauti. Mistari yako ikifika 12 na picha zikaeleweka bila sauti, andika nyingine 12 za mhusika wako na karatasi yake, kabla hujamtafuta mtu wa kamera.